Gari Lililokaa kwa Mtani

Mwezi uliopita mteja mmoja kutoka Kaliua aliniletea mota ya pampu iliyoungua. Nilipoifungua, kabla hata sijaziona waya zake, harufu ikanipanda puani: vanishi ya shaba iliyoiva kupita kiasi, tamu kidogo mwanzoni, halafu chungu kooni. Mimi si mtu wa kushtushwa na mota. Nina stashahada ya uhandisi umeme, nimefanya kazi Dar es Salaam na Muskat, na niliporudi Tabora watu walinong'ona kwamba maisha yamenishinda. Leo karakana yangu ina milango mitatu, na walionong'ona ndio wanaonipigia simu jenereta zao zikigoma. Sikushikwa mkono na mjomba wala shangazi. Nayasema haya waziwazi kwa sababu nimeyatolea jasho. Lakini siku ile niliweka bisibisi chini, nikamwambia mteja arudi kesho, nikatoka kukaa peke yangu nje ya mlango. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tena.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Sisi ni watoto wa zama zile ambapo betri za redio zilianikwa juu ya bati zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni. Gari la mtoto lilikuwa la waya, na magurudumu yake yalikatwa kwenye kandambili. Sasa fikirini mtoto wa namna hiyo, tena wa kike, analetewa sanduku lenye picha ya gari jekundu la mashindano, la kuendeshwa kwa rimoti, na akilifungua hakuti gari. Anakuta mifuko midogo ya nailoni imejaa skrubu, vyuma na plastiki, na kijitabu chenye michoro na maandishi ambayo si Kiswahili wala Kiingereza.

Baba yangu, Fundi Maganga, alikuwa akitengeneza redio, feni na pasi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, karibu na stesheni, na chumba hicho kilinuka vanishi iliyoungua ileile. Sanduku lile alipewa na mzee wa Kihindi aliyeuza vipuri vya baiskeli mjini. Mwanawe aliliagiza zamani, akahamia ng'ambo kabla ya kuliunga. "Fundi, hiki kitu kimenishinda," mzee alimwambia. "Mpelekee mtoto."

"Gari liko wapi?" nilimuuliza Baba.

"Limo humu. Ila linataka subira kuliko uliyonayo."

Hakuweza kukisoma kijitabu, kwa hiyo tulikwenda kwa picha. Tatizo lilikuwa skrubu. Zilikuwa za urefu mbalimbali, nyingine zikipishana kwa unene wa ukucha, na ukikosea moja unapasua plastiki. Baba akatafakari, kisha akatoka kwenda kwa jirani na kurudi na ubao wa bao. Mashimo thelathini na mawili. Kila aina ya skrubu ikapata shimo lake, kila nati, kila beringi ndogo kama punje ya mtama. Nimesomeshwa na wahandisi wenye majina makubwa, na mpaka leo sijaona mtu aliyepanga kazi vizuri kuliko vile.

Bao lilikuwa la Mzee Kondo. Alikuwa mpishi wa treni, Mzaramo, na alikuwa mtani wa Baba. Wanyamwezi na Wazaramo walianza kutaniana tangu babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani na kufikia majumbani mwao, na Mzee Kondo aliushika utani huo kama wengine wanavyoshika dini. Jioni alizokuwa hayuko safarini alikuja kusimama mlangoni mwetu, mikono kiunoni.

"Maganga! Nimekosa mchezo wiki nzima kwa sababu bao langu limegeuzwa sufuria ya misumari."

"Ungelicheza vipi na wewe hujui kuhesabu?"

"Mpagazi we! Babu yako alibeba pembe kichwani mpaka Bagamoyo hakuomba magurudumu. Leo mjukuu wake anataka mzigo utembee wenyewe!"

"Na babu yako alikaa kivulini akingoja tumletee. Wewe umetofautiana naye nini?"

Walicheka mpaka Mama akatoka uani kuuliza kuna nini. Mimi Mzee Kondo aliniita mpagazi mdogo. Nilikuwa nikimpenda.

Kuunga kulichukua wiki nyingi, kwa kuwa Baba alifanya kazi ya watu kwanza, ya kwetu baadaye. Alinifundisha kuweka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa, kukaza, kisha kuivuta karatasi. Ikitoka imekatika, meno yamebanana mno. Ikitoka bila alama, yameachana. Ikitoka na mikunjo kama kola ya shati jipya, hapo umepata. Mafuta ya shokapu yalikuwa yamevuja sandukuni miaka mingi nyuma. Tulijaribu mafuta ya cherehani, gari likadundadunda kama mbuzi. Tulijaribu ya injini, likawa gumu kama meza. Mzee Kondo alisema, "Tieni asali, Wanyamwezi nyie, si ndiyo mnatia kila kitu?" Mwishowe Baba akachanganya yote mawili kwenye kizibo cha soda, tone kwa tone, akibonyeza shokapu kwa kidole na kusikiliza, kama daktari.

Betri kubwa ya gari letu tuliichaji kwa betri ya gari la kweli, tukiwa tumeunga taa ya indiketa katikati ya waya ili umeme usiingie kwa fujo. Hakukuwa na mita ya kutuambia imejaa. Niliishika mkononi, na ikianza kuwa vuguvugu, niliichomoa. Hiyo ilikuwa kazi yangu mimi na hakuna mwingine aliyeruhusiwa.

Siku ya kwanza gari lilipotembea lilikwenda kushoto. Lilitoka mlangoni kwa mlio kama wa nyigu, likapinda, likajigonga kwenye kizingiti. Tukalirudisha. Kushoto tena. Baba alifunga uzi kwenye gurudumu la nyuma, akauvuta hadi la mbele, akanionyesha mwanya uliobaki upande mmoja. "Tairodi hazilingani," alisema, akimaanisha vile vijiti viwili vinavyoyashika magurudumu ya mbele. "Unazungusha kidogo, unapima kwa uzi. Unazungusha tena. Usikimbilie." Akazungusha mara moja. Kisha akaja mtu na feni yake, akaliweka gari kando, akasema tutamaliza Jumamosi.

Ijumaa asubuhi Baba alianguka akiwa ameshika pasi ya mteja. Walimpeleka hospitali ya Kitete, na watu walifanya walichoweza. Jumapili alikuwa ameshafariki.

Nayakumbuka mambo machache ya msiba ule. Nakumbuka majivu ya kuni, wanawake wamejaa chumbani kwa Mama, kwaya ikiimba kwa sauti ya chini. Na namkumbuka Mzee Kondo. Alikuja amevaa ovaroli la Baba, na kofia ya Baba ameigeuza nyuma mbele. Akatembea uani kwa mwendo wa Baba, ule wa kuinamisha bega moja, akiwauliza waombolezaji, "Nani kaleta redio hapa? Njoo kesho. Nimesema kesho! Hata jana nilisema kesho!" Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Makaburini aliruka ndani ya shimo, akajilaza. "Mmechimba fupi! Huyu mtu mrefu, mnataka kumkunja kama kitambaa?" Wanaume wakacheka, wakachimba zaidi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na umri wa kujua utani wa mlangoni jioni, lakini msiba mkubwa sikuwa nimewahi kuuona kwa karibu. Kwao Mama walishaacha mambo ya watani msibani, na kwa ukoo wa Baba kila mtu alidhani nimeshaelezwa na mwingine. Nilichoona mimi ni mtu mzima anayefurahi kwamba baba yangu amekufa.

Tuliporudi nyumbani akaingia chumba cha kazi. Akatoka na ubao wa bao kwapani, skrubu zilizobaki zikiwa bado mashimoni, na mkono wa pili ameinua gari letu juu ya kichwa chake.

"Maganga aliniahidi gari!" alitangaza. "Nikasubiri, nikasubiri. Kumbe kaninunulia la kuingiza kidole kimoja. Haya, nalichukua hilihili!"

Uwanja mzima ulicheka. Hata Mama, aliyekuwa ameshikiliwa mlangoni, nilimwona akitabasamu ndani ya khanga, na hilo liliniuma kuliko yote.

"Mwizi!" nilipiga kelele. "Wewe ni mwizi! Rudisha gari la Baba!"

Mzee Kondo akanitazama.

"Mwizi ni baba yako," akasema. "Kaondoka bila kuniaga."

Akaenda nalo.

Kuanzia siku ile sikumwamkia. Mnaotoka Tabora mnajua uzito wa jambo hilo. Mtoto kumpita mtu wa umri wa baba yake bila shikamoo ni sawa na kumtemea mate. Nilikuwa nikitoka shule napita mbele ya baraza lake nimenyoosha shingo, na yeye alinijibu salamu ambayo sikuitoa. "Marahaba, mpagazi mdogo! Unapita mikono mitupu tena? Mzigo wako huku unakungoja. Njoo ukomboe!" Nilifikiri ananiringia. Nilifikiri anataka kitu kikubwa, labda mbuzi, labda cherehani ya Mama, na kwamba anajua hatuna ndiyo maana anacheka. Sikumwambia Mama. Alikuwa ameanza kuuza karanga mbele ya nyumba, na nilimwona akizeeka kila wiki.

Mzee Kondo alichukua gari tu. Rimoti ilibaki kwetu, na betri kubwa pia, kwa kuwa asubuhi aliyoanguka Baba alikuwa ameichomoa ili niichaji. Kila Jumamosi niliichaji kwa taa ya indiketa, nikaishika mpaka iwe vuguvugu. Kisha nilikwenda kwenye ua wa mabua uliotenga nyumba zetu, nikainyoosha antena ya rimoti, nikasukuma kitufe mbele. Nilijua kabisa betri imo mfukoni mwangu na gari haliwezi kusikia. Nilikisukuma hivyo hivyo. Ikapita miezi mingi namna hiyo. Masika yakaja, yakaisha, wakulima wakavuna.

Mwishowe niliamua kwenda kuiba. Nilijua treni yake imeondoka kwenda Kigoma na hatarudi kabla ya siku mbili. Mchana, mkewe Bi Tatu akiwa kisimani, nilisukuma mlango. Gari lilikuwa juu ya kabati la vyombo, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile ambacho watu huwafunikia wageni bilauri. Nilikiinua. Sikukuta chembe ya vumbi, na mji wetu mnaujua kwa vumbi. Pembeni yake lilikuwa bao, na kila skrubu katika shimo lake, kama Baba alivyozipanga. Hata moja haikuwa imehama. Inamaanisha kwa muda wote ule Mzee Kondo hakucheza bao.

"Weka chini, Nyamizi."

Bi Tatu alikuwa mlangoni, ndoo ya maji kichwani. Aliitua polepole.

"Ni langu," nilisema.

"Nani kakwambia si lako? Nashangaa mtu anaiba chake. Kwa nini hukuja kulikomboa?"

"Hatuna kitu cha kumpa."

"Kitu gani?"

"Anachotaka."

Bi Tatu aliketi kwenye kigoda. Akajipiga paja.

"Yaani hakuna aliyekwambia? Mama yako? Shangazi zako?" Nilitikisa kichwa. "Mwanangu, kwa mtani kitu hakikombolewi kwa mali. Ungeleta kata ya maji. Ungeleta mchicha. Ungeleta ufagio wenu uliochakaa. Kitu chochote kutoka nyumba ya marehemu, ukampa mkononi, angekupa gari lako siku ileile."

"Basi si angenipa tu!"

"Akupe bure? Akikupa bure amekwambia wewe si mtani wake, baba yako hakuwa mtani wake, na yote ya pale msibani yalikuwa matusi. Hawezi. Yule mzee ni mgumu katika mambo haya, hata mimi naona kapitiliza. Nilimwambia, mwite mtoto umweleze. Akasema mtani haelezwi, anajua. Kila siku anakaa barazani kukungoja." Akasimama, akachukua kile kitambaa kutoka mkononi mwangu, akalifunika gari. "Anangoja kuliko unavyongoja wewe. Nenda nyumbani. Atarudi keshokutwa."

Niliporudi nilimwambia Mama kila kitu. Hakunigombeza kwa wizi. Aliuma ncha ya khanga, akasema, "Nilidhani unajua. Nilidhani unakasirika kwa kuwa unajua." Kisha akaingia stoo kupima michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyovikausha juani, akaichemsha na karanga kama Baba alivyoipenda.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, nilivuka ua nikiwa na bakuli la michembe mikononi na betri mfukoni, imejaa, rimoti nimeibana kwapani. Mzee Kondo alikuwa barazani na fulana yake ya safari, mafusho ya treni bado kwenye nguo. Aliponiona alifungua kinywa kusema neno lake la kila siku. Nilimwahi.

"Shikamoo, Mzee Kondo."

Kinywa kikabaki wazi kidogo. "Marahaba," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema taratibu. Akaliona bakuli. "Umebeba nini, mpagazi?"

"Nimekuja kukomboa mzigo wangu."

Alipokea kwa mikono miwili. Akatafuna kipande kimoja, kisha cha pili. Kwa kuwa yeye ni yeye, akaanza: "Ndiyo michembe yenyewe hii. Babu zenu walitufikia nayo pwani, tukaila, meno yaka..." Hakumaliza. Akaweka bakuli chini, akaingia ndani, akatoka na gari likiwa bado limefunikwa kitambaa. Akanikabidhi.

"Haya, Maganga," akasema, lakini si kwangu. "Nimefunga."

Akakaa kwenye ngazi ya chini ya baraza.

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, nageuza gari huku na huku, nakagua gia, nabonyeza shokapu. Nikasikia sauti nyuma yangu, ya kukatikakatika, ikipanda na kushuka. Nilidhani anacheka. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti nyingine kutoka kwa mtu yule.

"Usinicheke, Mzee Kondo," nilisema bila kugeuka.

"Mwache," Bi Tatu akasema kutoka mlangoni. "Hacheki mtu huyo."

Nikageuka. Alikuwa amefunika uso kwa kofia ya Baba, ile aliyoondoka nayo msibani, mabega yakimtikisika. Nilielewa kidogo siku ile, na nikaelewa zaidi kila mwaka uliofuata. Mtani kazi yake ni kuwaliwaza wafiwa kwa kicheko, na kwa jinsi Mzee Kondo alivyoushika utani, msiba ulikuwa haujafungwa mpaka kilichochukuliwa kikombolewe. Kwa hiyo hakuwa amemlilia rafiki yake. Alimtania, alimwigiza, alijilaza kwenye kaburi lake, akarudi nyumbani akakaa barazani miezi yote ile na kilio chake kifuani, akisubiri mtoto alete hata maji. Na mtoto alipita ameinua shingo. Nimefanya mengi ya kujivunia maishani mwangu, mengine nimeyataja hapa bila haya. Hilo nalo nimelifanya mimi.

Sikujua mtoto hufanya nini mbele ya mtu mzima anayelia. Nilijua kazi moja tu iliyokuwa imebaki. Nilimwomba Bi Tatu uzi na spana ndogo iliyokuwa kwenye bao. Nikafunga uzi kwenye gurudumu la nyuma, nikauvuta hadi la mbele. Mwanya ulikuwa pale pale, ila ulikuwa umepungua kwa ile mara moja aliyozungusha Baba. Nikasita. Mzunguko ule ulikuwa wa mwisho wa mkono wake, na kila nitakachozungusha mimi kingekuja juu yake. Nikazungusha kidogo. Nikapima. Nikazungusha tena. Sikukimbilia. Uzi ulipolala sawasawa kwenye tairi mbele na nyuma, niliingiza betri, nikawasha, nikalielekeza gari kutoka kwenye ua wa mabua kuelekea barazani.

Likaenda moja kwa moja, likiacha mistari miwili kwenye mchanga uliofagiliwa, likasimama kwenye kidole gumba cha mguu wa Mzee Kondo. Aliteremsha kofia. Alilitazama gari, akaitazama ile mistari mpaka ilikoanzia, macho yakiwa mekundu na pua ikimchuruzika, na hakujaribu kuficha.

"Lirudishe," akasema. "Lije tena."

Nikalirudisha. Likaja tena. Tulifanya hivyo hadi betri ikaisha, na jioni ile yote hakuna aliyemtania mwenzake.